Kusadikika Katika Fotokopi

Oktoba ya Bujumbura ina sura yake. Vumbi la kiangazi limelala, mvua za Agatasi zinateremka kutoka Mumirwa, na wanafunzi wamejipanga mbele ya mashine za fotokopi, kila mmoja ameficha karatasi zake chini ya koti. Kitabu kimoja hulisha darasa zima. Ndivyo Kusadikika ya Shaaban Robert inavyotufikia wengi wetu: kurasa zilizobanwa kwa pini, bila jalada, au faili la PDF linalopita kutoka simu hadi simu usiku umeme ukiwepo.

Darasani tumezoea kuisoma kama fumbo la utawala wa kikoloni. Sina ugomvi na usomaji huo. Kitabu kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Uingereza, na mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Nchi inayoelea angani ilimpa nafasi ya kusema asiyoweza kuyasema juu ya nchi iliyo ardhini. Lakini usomaji huo umetufanya tusiulize swali jingine lililo wazi kabisa katika hadithi: maarifa ni ya nani?

Tukumbuke kesi yenyewe. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita, kuanzia Buruhani hadi Amini, waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuwafaa Wasadikika. Kila mmoja alirudi na hazina, na kila mmoja akaishia gerezani. Nchi ilipoteza mara mbili: maarifa hayakuwafikia watu, na aliyeyaleta hakupata hata shukrani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu kadhaa. Wao husema Karama ni wakili wa kila anayenakili, kwa kuwa alitaka elimu ienee bila kizuizi. Husoma hasara ya kwanza na kuiruka ya pili. Mwandishi aliye hai, aliyekaa miaka mitatu na riwaya yake kisha akaikuta inauzwa kwa bei ya karatasi na wino bila yeye kuambulia faranga moja, ni nani katika hadithi hii kama si Buruhani? Fotokopi inafungua gereza la maarifa na kumwacha mjumbe ndani. Tena Karama hakujificha. Alisimama mchana barazani, siku baada ya siku, akaibishania sheria mbele ya waliokuwa na uwezo wa kumhukumu. (Muuza fotokopi wetu huzima mashine akisikia neno “haki” tu.)

Kwa Kusadikika yenyewe, hata hivyo, hofu hiyo haina msingi. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ililinda kazi katika maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Muda huo ndio pia kima cha chini cha Mkataba wa Berne, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 2016, miaka kumi na kitu baada ya kutunga sheria yake ya hakimiliki ya 2005. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa Kusadikika nchini mwake ulikoma mwisho wa mwaka 2012. Dibaji mpya au michoro ya toleo la karibuni ni mali ya walioitengeneza. Maneno ya Shaaban Robert ni ya umma.

Basi kwa nini tunayasoma kwa wizi-wizi, na vibaya? Nimelinganisha nakala tatu zinazozunguka kati yetu. Moja haina jina la mwandishi popote. Ya pili imechapwa upya na mtu asiyejulikana, “wajumbe” wakawa “wajembe” kwa kurasa kadhaa, na mwanafunzi mmoja aliwahi kunitetea kwa moyo wote kwamba ile ni tashtiti ya makusudi. Ya tatu, yangu, inamwacha Auni safarini: ukurasa wa kurudi kwake haumo. Nawezaje kuhakiki muundo wa safari sita ikiwa nina tano na nusu? Tumeshughulika mno na kufuli, tukasahau kwamba hata mlango ukiwa wazi lazima mtu aingie na kufagia. Hakimiliki imekwisha, lakini haki ya mwandishi kutajwa jina na kusomwa kama alivyoandika haijakwisha kwangu mimi, hata kama hakuna mahakama itakayoniuliza.

Napendekeza idara yetu ichukue toleo kamili la maktaba, igawe sura kwa wanafunzi, tuzichape, tuzisahihishe wawili wawili, kisha tuweke faili moja lenye jina la mwandishi, mwaka na toleo tulilotumia, kila mtu alichukue bure. Kazi za walio hai tusiziguse bila ruhusa yao. Hizo tuziombee fedha za maktaba. Mimi nimeanza na sura ya Auni, na nimefika anapokaribia kurudi.