Sikiliza Kilichofutwa: Namna ya Kuipima Albamu ya Roki ya Indi

Albamu ya Wilco iitwayo Yankee Hotel Foxtrot ina mkasa mtamu kuliko albamu nyingi, na ndiyo maana inafaa kufundishia sikio. Bendi hiyo ya Chicago ilijirekodia katika makao yake yenyewe mjini humo. Mwaka 2001 mpiga drams Ken Coomer akaondolewa, akaingia Glenn Kotche. Kazi ilipokwisha, Jay Bennett, fundi wa vyombo vingi na mshirika mkuu wa kiongozi wa bendi, Jeff Tweedy, katika utunzi, naye akatolewa. Lebo ya Reprise ikaisikiliza albamu na kuikataa. Bendi ikaondoka na mikanda yake, na Septemba 2001 ikaziweka nyimbo zote kwenye tovuti yake zisikilizwe bure, hadi lebo ya Nonesuch ilipoitoa albamu madukani Aprili 2002. Kichekesho ni kwamba Reprise na Nonesuch zilikuwa chini ya kampuni mama moja. Mwongozaji Sam Jones, aliyekuwa akiwafuata na kamera, akatoa filamu mwaka huohuo. Albamu iliingia chati ya Billboard katika nafasi ya 13, ikaongoza kura ya wahakiki ya gazeti la Village Voice kwa mwaka 2002, na tovuti ya Pitchfork ikaipa alama 10 kwa 10. Yote hayo yalitokea, na hakuna hata moja linalomwambia msikilizaji kama kazi yenyewe ni nzuri.

Mashabiki wa roki ya indi wana udhaifu wa kupenda jasho kuliko kazi. Wakisikia bendi iligombana, ikafilisika au ikadharauliwa na wakubwa, tayari wameshaipa albamu nusu ya alama. Lakini ziweke pamoja albamu mbili za mwaka 1991 uone. Loveless ya My Bloody Valentine ilichukua takriban miaka miwili, ikazunguka studio nyingi za Uingereza, na gharama zake zikawa kilio kwa lebo ya Creation. Spiderland ya Slint, vijana wa Louisville, Kentucky, ilirekodiwa kwa siku chache tu mwaka 1990, na bendi ikavunjika kabla albamu haijatoka. Zote mbili ni kazi za daraja la kwanza. Kama muda, fedha na mateso vingekuwa kipimo, moja kati yake ingebidi iwe mbovu.

Kipimo ninachokitetea ni maamuzi yanayosikika, hasa ya kufuta. Studio ya leo inamruhusu mtu kuongeza sauti juu ya sauti bila kikomo. Kuongeza ni rahisi, na ustadi unaonekana pale mtu anapojua cha kuondoa. Yankee Hotel Foxtrot inatupa ushahidi adimu. Tweedy alimwita Jim O'Rourke kuchanganya sauti, ingawa Bennett aliitaka kazi hiyo mwenyewe, na mengi yaliyokuwa yamerundikwa yakapunguzwa. Toleo kubwa la mwaka 2022, lililopata tuzo ya Grammy ya albamu ya kihistoria mwaka uliofuata, limejaa rasimu za nyimbo hizohizo, na bila drama yoyote linatuonyesha bendi ikijaribu, ikiacha, ikijaribu tena. Hata kabla ya hapo, wimbo “Kamera” ulikuwa umeshatoka kwa sura nyingine, yenye magitaa makali zaidi, katika EP ya More Like the Moon ya mwaka 2003. Sura hiyo si mbaya, ni roki nzuri tu ya kawaida. Ukiisikia, unaelewa kwamba upole wa ile ya albamu ulichaguliwa makusudi, maana bendi ilijua kuupiga kwa nguvu.

Chukua wimbo wa kwanza wa Yankee Hotel Foxtrot, unaokaribia dakika saba. Unaanza kwa mvumo na milio isiyo na mpangilio wa wazi, kisha gitaa la mbao linashika korodi chache, nyepesi, ambazo anayejifunza angeweza kuzipiga. Kotche hapigi mdundo wa moja kwa moja. Anagonga huku na kule, anasimama, anarudi. Kinanda kinatokea na kupotea. Msikilizaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi ana faida hapa, kwa kuwa amezoea kutenga gitaa la solo na la rithimu na kujua lipi limenyamaza ili lingine liseme. Basi fanya jaribio: futa chombo kimoja kichwani mwako. Ukiondoa kelele za mwanzo, utunzi wenyewe unabaki, lakini ule wasiwasi wa mtu anayesema asichokimaanisha unatoweka. Sauti inayoweza kuondolewa bila wimbo kupungukiwa ni pambo, na albamu nyingi za indi zimejaa mapambo yanayoitwa majaribio.

Watetezi wa roki watasema muziki huu ni wa vurugu, na kwamba kudai kila mlio uwe na kazi ni kuupeleka kwenye usafi wa hoteli. Sivyo. Katika In the Aeroplane Over the Sea ya Neutral Milk Hotel, ya mwaka 1998, mtayarishaji Robert Schneider aliyaacha magitaa yakwaruze vibaya sana, lakini mkwaruzo huo unapanda na kushuka kadiri wimbo unavyotaka. Haukumwagwa sawasawa kila mahali. Uchafu nao ni uamuzi, na unapimwa vilevile.

Pingamizi zito zaidi ni la wakati. Spiderland ilitoka karibu kimyakimya, ingawa mwanamuziki na fundi wa kurekodi Steve Albini aliisifu sana katika gazeti la Melody Maker, na heshima yake ilikua mwaka baada ya mwaka. Je, mapokezi hayo ya muda mrefu si ushahidi? Ni ushahidi, na ninaukubali kuliko chati, kwa sababu wengi walioipokea walikuwa wanamuziki. Kutoka kwake walichukua vitu mahususi: sauti inayozungumza badala ya kuimba, ukimya unaoshikiliwa hadi usumbue, mlipuko unaocheleweshwa. Wimbo “Don, Aman” hauna drams kabisa. Kilichorithiwa, kwa maneno mengine, ni maamuzi yaleyale ya kuacha.

Kipimo hiki kinakata pande zote, hata kwa kazi iliyopewa 10 kwa 10. Mwishoni mwa wimbo “Poor Places” wa Yankee Hotel Foxtrot, sauti ya mwanamke iliyonaswa kutoka redio ya masafa mafupi inarudia maneno yaliyoipa albamu jina lake, huku kelele zikimfunika polepole. Hapo kila kitu kina kazi. Kisha unafuata “Reservations”, wimbo mzuri wa kukiri mapenzi, ambao ukishaimbwa unaendelea kwa dakika kadhaa za mvumo na kinanda cha hapa na pale. Wapo wanaosema msikilizaji anahitaji nafasi ya kupumua baada ya yote yale. Nafasi hiyo ingetosha kwa dakika moja. Zilizobaki zilistahili mkasi wa O'Rourke.