Netiboli: Mpime Mchezaji Anapotua

Watazamaji wengi humsifu mchezaji wa netiboli anaporuka. Mjuzi hungoja kidogo, aone anavyotua. Sheria za mchezo ndizo zinazotaka hivyo: hakuna kukimbia ukidundadunda mpira, ukiudaka una sekunde 3 tu za kuutoa, na mguu uliotua kwanza ukishainuka haurudi chini kabla mpira haujatoka mkononi. Basi mchezaji hukimbia kwa kasi, huruka, hudaka, kisha husimama papo hapo. Nguvu yote ya mbio zile hupokewa na kifundo cha mguu na goti.

Kutua

Tega sikio kwanza. Kishindo kizito ni dalili mbaya. Aliyefunzwa vizuri hutua kwa utulivu, goti limekunjwa na kuelekea kule vidole vinakoelekea. Goti likiingia ndani, kuelekea mwenzake, hapo ndipo kano ya mbele ya goti hukatika, mara nyingi bila mtu kumgusa mchezaji. Wanawake huumia hivyo zaidi kuliko wanaume. Aliye Gitega, nchini Burundi, anaweza kulizoeza jicho lake huko jirani Gishora, kwa wapiga ngoma: atazame magoti ya anayeruka mbele ya ngoma, namna yanavyoupokea mwili.

Hatua ya kwanza

Uwanja una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, umegawanywa sehemu tatu za mita 10 hivi. Hata senta, anayezunguka kote isipokuwa ndani ya nusu duara za kufungia, hana nafasi ya mbio ndefu. Kwa hiyo usimpime kwa kasi ya mita 100. Angalia kama akishatoa pasi anaondoka mara moja, au anasimama kuusindikiza mpira kwa macho.

Robo ya nne

Mchezo una robo nne za dakika 15. Katika robo ya kwanza karibu kila mtu ni hodari. Uamuzi wako uweke akiba hadi ya mwisho. Pete iko mita 3.05 juu na haina ubao nyuma yake. Mfungaji aliyechoka hurusha kwa mikono pekee na mpira haufiki. Aliyeiva bado huanzia magotini. Tazama pia anavyosimama mlinzi anapombana. Mary Nuba Cholhok, mfungaji wa Uganda, ni mrefu kweli, lakini urefu bila miguu imara hauzai mabao.

Usisahau mwinuko. Gitega iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Muyinga iko juu zaidi. Timu inayopanda kutoka Bujumbura, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, huenda ikahema mapema. Usiwaite wavivu siku ya kwanza.

Mazoezi yenyewe

Aliye Muyinga akivuka mpaka wa Kobero anaingia wilaya ya Ngara, Tanzania, nchi ambayo netiboli imo katika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Akienda kutazama, awahi mazoezi kabla ya mechi. Kocha anayewazungusha wasichana uwanja saa nzima anawaandalia mchezo mwingine. Kocha mzuri huwapa mbio za mita 5 hadi 10 zenye kusimama ghafla, huwadakisha mpira wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja, huwachuchumaza, na huwafundisha kutua kabla ya kuwadai waruke juu. Netiboli ya Australia ina mpango mzima wa kulinda magoti, uitwao KNEE, na mazoezi yake mengi hayahitaji chuma wala gharama. Wanaoanza waanzie kwenye nyasi. Udongo mkavu wenye changarawe huteleza.

Ukiombwa kuchagua kati ya wasichana wawili, mmoja anaruka sana na mwingine anatua vizuri, mchague wa pili. Kuruka kutaongezeka kwa mazoezi, naye atakuwa bado uwanjani, mzima, akifanya mazoezi hayo.