Kamba ya Pamba na Pafu Lisilonywea

Kikohozi, homa na kukataa chakula ni dalili ambazo magonjwa kadhaa ya nguruwe huazimana, na kwa sababu hiyo ustadi wa kutambua kirusi kinacholisumbua banda huanza kabla ya maabara, katika kuamua ni mnyama gani apimwe na lini. Virusi vya mafua ya nguruwe, ambavyo Richard Shope alivitenga kutoka kwa nguruwe wa Iowa, Marekani, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1931, hutoka puani kwa takribani wiki moja tu, hivyo mjuzi humwacha nguruwe aliyekwisha kupata nafuu na kumtafuta yule aliyeanza kuungua homa leo, mwenye kamasi jepesi. Kirusi cha PRRS, yaani ugonjwa unaoharibu uzazi na upumuaji, kilichotambuliwa Lelystad, Uholanzi, mwaka 1991, huzaliana ndani ya makrofaji, ambazo ni seli za ulinzi zinazomeza vijidudu, na kwa kuwa hukaa katika damu kwa wiki kadhaa, hapo sampuli ya damu hufaa zaidi.

Njia ya kupendeza kuliko zote, na iliyo ya upole kuliko kumbana mnyama anayepiga mayowe, ni ile ya kuning'iniza kamba ya pamba kizimbani, usawa wa mabega ya nguruwe, ambao kwa udadisi wao huitafuna kwa nusu saa hivi, kisha ncha iliyolowa hukamuliwa ndani ya mfuko na mate yale yakatoa habari za kizimba kizima.

Hata hivyo, kipimo cha PCR ambacho sampuli hizi hufanyiwa, kinachorudufisha vipande vya jeni za kirusi hadi vitambulike, huonyesha kuwa kirusi kipo, si kwamba ndicho kilichoua, na ndiyo maana kifua cha nguruwe aliyekufa hupasuliwa. Katika mafua, sehemu za mbele na chini za pafu huwa ngumu na za rangi ya zambarau, zikipakana waziwazi na sehemu zenye afya. Katika PRRS pafu hukataa kunywea, lina mabaka ya hudhurungi, na likibonyezwa hurudi kama mpira. Palipotumika chanjo hai, hata hayo hayatoshi, kwa maana PCR huweza kuinasa chanjo yenyewe, na hapo mpangilio wa jeni husomwa ili kirusi cha shambani kitenganishwe na kile kilichotoka kwenye sindano.