Herufi za Baskerville na za Times katika Diwani ya Mashairi

Mhariri wa diwani ya Kiswahili, akiletewa herufi za Baskerville na za Times New Roman ili achague, mara nyingi huchagua kwa jicho la kwanza. Zote mbili zina serifu, yaani vijistari vidogo vimaliziavyo ncha za herufi. Lakini uzuri wa herufi ni jambo moja, na kulifaa shairi ni jambo jingine.

Baskerville ni ya Birmingham, Uingereza. John Baskerville aliitumia kuchapa kazi za Virgil mwaka 1757. Ni herufi pana, na kitanzi cha chini cha g yake hakifungi. Wako waliodai kwamba yaumiza macho. Benjamin Franklin alimjaribu mmoja wao: alimwonyesha herufi za Caslon kana kwamba ni za Baskerville, naye akazitoa kasoro zilezile! Hukumu za namna hiyo hazijaisha.

Times ilikusudiwa gazeti. Stanley Morison aliisimamia, Victor Lardent akaichora, na The Times la London likaanza kuitumia tarehe 3 Oktoba 1932. Safu za gazeti ni nyembamba. Kwa hiyo herufi zilibanwa upana, na miili ya herufi ndogo ikakuzwa. Haina madaha ya Baskerville.

Sasa na utazamwe mshororo wa shairi wenye mizani 16, vipande viwili vya mizani 8, kila kimoja na kina chake. Mshororo huo ni mrefu karatasini. Ukipangwa kwa Baskerville katika kitabu kidogo, neno la mwisho huelekea kuanguka chini, likadhaniwa mshororo wa tano katika ubeti wa mishororo 4. Na kina ambacho jicho lilikitazamia ukingoni hakipo. Wengine hukimbilia kuukata mshororo katikati. Hapo shairi limevikwa nguo za utenzi.

Times yaweza kupunguzwa kipimo bila kumchosha msomaji, na mshororo ukabaki mzima. Kwa diwani ya mashairi, basi, Times ndiyo ifaayo, ijapokuwa sura yake imezoeleka hata haionekani tena. Utenzi una hali nyingine: mshororo wake wa mizani 8 hauhitaji kubanwa, na Baskerville hupata uwanja wake. Mwenye shaka na aupange ubeti mrefu kuliko yote kwa herufi zote mbili, katika upana uleule wa ukurasa. Akague pia ng' ya ng'ambo na ng'ombe, isije alama yake ikaachana na irabu inayofuata, neno moja likasomwa mawili.