Mkono Unaoingoja Bandama

Tabibu mzee aliyetutibu utotoni, kando ya Ziwa Victoria, hakuligusa tumbo la mtu kabla hajasugua viganja vyake vikapata moto. Kiganja cha baridi hulishtua tumbo likajikaza, na tumbo lililojikaza halitoi habari ya kuaminika. Mgonjwa akishalala chali, alimkunjisha magoti kidogo, akavuta kigoda akaketi ubavuni kwake, kisha akauliza panapouma ili aanzie mbali na hapo. Mkono ukitembea, macho yake yalibaki usoni kwa mgonjwa. Wako wagonjwa wengi, wanaume hasa, wasiokubali kusema kwamba wanaumia, lakini paji la uso huwasaliti.

Uchunguzi wenyewe alikuwa ameuanza mapema zaidi. Alikuwa amemsogeza mtu dirishani amtazame weupe wa macho kwa mwanga wa jua, kwa kuwa manjano hafifu hupotea chini ya taa. Alikuwa ameangalia kucha zilizopauka, mishipa iliyojichora kuzunguka kitovu, na kitovu chenyewe kama kimesukumwa nje. Stetoskopu aliiweka tumboni kabla ya kubonyeza chochote, maana matumbo ukishayachokoza hayatoi tena sauti yaliyokuja nayo.

Nililolipenda kuliko yote ni namna alivyoitafuta bandama. Bandama yenye afya hujificha chini ya mbavu za kushoto. Aghalabu vidole haviipati mpaka iwe imekua mara mbili au tatu. Ikikua hushuka mshazari, ikalivuka tumbo kuelekea kinena cha kulia. Mwenye haraka hukimbilia chini ya mbavu za kushoto, na bandama iliyokua sana inakuwa imelala yote chini ya kiganja chake asiitambue, kwa sababu hajakutana na ukingo wake.

Siku moja alilazwa pale kitandani mjomba wangu, mvuvi wa dagaa, aliyekonda huku tumbo likitangulia mbele. “Shikamoo, Dokta.” “Marahaba, mwanangu. Vuta pumzi taratibu.” Mkono wa mzee ulikuwa umetua chini kabisa, upande wa kulia, na hapo ukatulia. Mjomba alipovuta pumzi, mkono haukusogea. Alipoitoa, ukapanda juu kidogo, ukangoja tena. Sijaona subira kama ile. Pumzi ndiyo huisukuma bandama ishuke, nayo ndiyo huvijia vidole. Anayeifuata kwa nguvu huikosa. Vidole havijafika hata kwenye kitovu, nikamwona mzee ameinamisha kichwa. Alikuwa ameupata ukingo, na juu yake ule mkato ambao bandama huwa nao na figo haina.

Watu wa ziwani wanakijua kichocho cha matumbo. Mayai ya minyoo hunasa ndani ya ini na kuacha makovu, damu itokayo matumboni ikakosa njia, bandama ikavimba na mishipa ya umio ikatutumka. Mzee aliandika barua ya kumpeleka mjomba hospitali kubwa, akatuonya kwamba akitapika damu tusingoje kuche. Yote hayo aliyajua kwa mkono, katika chumba kisicho na umeme.

Maji ya tumboni aliyajua kwa kugonga. Kidole kimoja hulazwa ubavuni, kingine kikagonga juu yake. Palipo na maji hutoka mlio mzito. Kisha mgonjwa hugeuzwa ubavu, kidole kikabaki palepale, na baada ya kitambo mlio hugeuka mwepesi, kwa kuwa maji yamehama. Ufundi huu wa kugonga aliuandikia kitabu tabibu Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni wa mji wa Graz, mwaka 1761. Yeye aliwagonga watu kifua, na wengi hawakumjali mpaka Corvisart, tabibu wa Napoleon, alipokitafsiri kitabu chake kwa Kifaransa mwaka 1808.

Altrasaundi huona maji machache ambayo mkono hauwezi kuyajua. Kidole huhitaji yafike kama lita moja na nusu. Siipingi mashine, na ninashukuru ipo. Kinachoniuma ni kuona mashine na vipimo vimeachiwa kazi ya mkono. Mgonjwa siku hizi huketi kwenye kiti, husema tumbo linamuuma, na kabla hajamaliza ameshaandikiwa vipimo vya damu na mkojo. Hurudi nyumbani akiambiwa ana taifodi na UTI. Jirani yangu alirudishwa hivyo mara mbili, na hakuna aliyemwambia alale. Mara ya tatu daktari wa upasuaji alibonyeza kwa ncha ya kidole kimoja, chini kulia, pale alipopaeleza mpasuaji Charles McBurney wa New York mwaka 1889. Wakati huo kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka na tumbo lote limekuwa gumu kama ubao. Alipona, baada ya wiki nyingi wodini na kovu refu.

Najua foleni ni ndefu na madaktari ni wachache. Lakini kulipima tumbo huchukua dakika chache, na mgonjwa aliyeshikwa vizuri huondoka akijua kwamba kuna mtu aliyemsikiliza.

Ukienda hospitali kwa ajili ya tumbo, vaa nguo inayofunguka kwa urahisi. Ukiona vipimo vinaandikwa nawe bado umeketi, sema kwa heshima: Dokta, naomba unishike tumbo kwanza. Nanyi mnaowafundisha vijana utabibu, waiteni matabibu wazee kama yule wodini wawashike wanafunzi mikono na kuwaonyesha ukingo wa bandama. Wengi wao wameshastaafu, na hakuna anayewaita.