Sifa za Mstari Mmoja

Mtu anafungua tovuti ya duka la vitabu, anajikuta kwenye tovuti ya kliniki ya meno. Hakuna mdukuzi aliyeingia, na hifadhidata zote mbili ni nzima kabisa. Ni kwamba tovuti hizo zinakaa kwenye seva moja, zote zimejengwa kwa WordPress, zinatumia kache moja, na aliyeziweka pamoja hakuandika mstari mmoja kwenye faili la wp-config.php. Mstari huo huitwa WP_CACHE_KEY_SALT. Mafundi huuita chumvi, na mimi nauhesabu miongoni mwa kazi nadhifu kabisa katika ufundi wa seva.

Kila ukurasa unapofunguliwa, WordPress huwa na maswali mengi: tovuti inaitwaje, anwani yake ni ipi, programu-jalizi zipi zimewashwa. Kuirudia hifadhidata ya MySQL kwa maswali yale yale ni kuichosha bure. Ndiyo maana majibu huwekwa kwenye kumbukumbu ya seva, ndiyo kache yenyewe, aghalabu kwa Memcached, ambayo Brad Fitzpatrick aliiandika mwaka 2003 kwa ajili ya tovuti ya LiveJournal, au kwa Redis ya Salvatore Sanfilippo, iliyotoka mwaka 2009. Kila jibu lina ufunguo wake. Mipangilio mikuu, anwani ya tovuti ikiwemo, hukaa pamoja chini ya ufunguo wa alloptions.

Sasa, Memcached haijui tovuti ni kitu gani. Inajua ufunguo na kilichowekwa chini yake, basi. Na kwa kuwa majedwali ya WordPress huanza na wp_ mtu asipoyabadilisha, ufunguo wa duka la vitabu na ule wa kliniki hutoka sawasawa, herufi kwa herufi. Aliyeandika mwisho ndiye anayesomwa na wote. Ni kama barua iliyoandikwa S.L.P. 45 bila kutaja mji: sanduku la namba hiyo lipo Moshi, lipo na Mbeya, na posta haina kosa ikiifikisha popote kati ya hapo. Chumvi ndiyo jina la mji. Huongezwa mwanzoni mwa kila ufunguo, na ugomvi umekwisha.

Kuandika mstari wenyewe ni kazi ya kufumba na kufumbua. Ufundi uko katika kuchagua cha kuandika. Wapo wanaopenda mfuatano wa herufi zilizochanganywa ovyo, kwa kudhani wanaongeza ulinzi. Hawaongezi chochote. Chumvi hii si ile inayolinda nywila, wala haihusiani na AUTH_SALT na wenzake walio kwenye faili lilo hilo. Atakayeifikia Memcached kupitia mlango wake, 11211, atasoma yaliyomo hata ukiandika herufi mia. Tena Memcached haikubali ufunguo unaozidi baiti 250 wala wenye nafasi ndani yake, kwa hiyo urefu ni gharama. Mimi napenda jina fupi linalosomeka: jina la tovuti na mazingira yake, duka-halisi, duka-majaribio. Fundi atakayeamshwa usiku miaka miwili baadaye atajua mara moja anatazama nini.

Neno hilo la mazingira lina sababu. Tovuti inaponakiliwa ili ifanyiwe majaribio, wp-config.php hunakiliwa nayo, na chumvi yake ndani. Nakala ikikaa kwenye seva ile ile, fundi anabadilisha anwani kwenye majaribio, wateja wa tovuti halisi wanapelekwa huko. Wengine hukimbilia kuichukua chumvi kutoka HTTP_HOST, yaani anwani aliyoiomba mgeni. Inaonekana werevu, lakini tovuti ikiitika kwa www na bila www, inapata kache mbili zisizojuana. Na WP-CLI, inayoendeshwa kwa amri bila mgeni yeyote, haina anwani ya kusoma usipoitajia. Huenda ukafuta kache kwa amri, ukaambiwa imefutika, na ukurasa ukabaki na bei ya jana. Hapo utafanya nini kama si kuapa?

Kinyume chake pia kipo. Tovuti moja inayohudumiwa na seva mbili zenye kache ya pamoja lazima iwe na chumvi moja kotekote. Zikitofautiana, mhariri anasahihisha habari kupitia seva ya kwanza, ya pili inaendelea kugawa makosa yaliyosahihishwa.

Kuna matumizi mengine ninayoyapenda zaidi. Ukibadilisha chumvi, tuseme kutoka duka-halisi-1 kwenda duka-halisi-2, tovuti hiyo inaanza na kache tupu papo hapo, na majirani zake hawasikii kitu. Amri ya flush_all ingewafagia wote. Ila MySQL ijiandae, maana maswali yote yataiangukia kwa pamoja. Saa za wateja wachache ndizo zinazofaa. Funguo za zamani hubaki yatima. Memcached itazitupa taratibu kumbukumbu inapojaa, zile ambazo hazijaguswa muda mrefu kwanza. Redis, kwa mipangilio yake ya mwanzo, haitupi kitu kisichopangiwa muda wa kuisha, na zitakaa humo hadi uzifuate mwenyewe: redis-cli --scan --pattern 'duka-halisi-1*', uisome orodha yote kwanza, ndipo ufute.