Kidole Kimoja Juu ya Klachi

Pikipiki ya trayali haina kiti. Pale ambapo kiti kingekaa pana ukanda mwembamba wa plastiki, na mpandaji husimama juu ya vikanyagio tangu anapoingia njiani mpaka anapotoka. Tangi hubeba lita mbili au tatu za mafuta, na mashine nzima ina uzito wa kilo 70 hivi. Gia ya kwanza ni nzito hata mtu anayetembea kwa miguu anaweza kuipita. Pikipiki hii haishindani na yeyote kwa kasi. Kazi yake ni kupanda majabali yenye utelezi, kuvuka mizizi na mikondo ya maji, bila mpandaji kuweka mguu chini.

Mwamuzi husimama kando ya njia iliyozungushiwa utepe, akihesabu. Mguu ukigusa chini mara moja ni alama moja, mara mbili ni mbili, mara tatu na kuendelea ni tatu. Ukianguka au ukitoka nje ya utepe ni tano. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Sheria hizo chache zimezaa ufundi ambao mimi sioni mfano wake katika michezo yote ya injini, kwa sababu hapa kazi ya gereji na kazi ya mlimani haziwezi kutenganishwa. Kila spana inayozungushwa jioni huonekana kesho yake juu ya jiwe.

Tazama tairi la nyuma. Pikipiki ya kawaida hujazwa upepo wa paundi 30 hivi. Hili hupewa paundi nne au tano tu, na ukilibonyeza kwa kidole gumba linaingia ndani. Halina tyubu. Likikutana na jiwe hulala juu yake na kulikumbatia, na meno yake ya mraba hushika kwa kingo. Kingo hizo ndizo mali yote. Zikianza kulika upande mmoja, fundi makini hulivua tairi na kuligeuza, ili kingo za upande wa pili nazo zipate zamu yao. Mpandaji naye huzilinda: haruhusu gurudumu lizunguke bure juu ya mwamba.

Lakini moyo wa mashine hii ni klachi. Mpandaji huiendesha kwa kidole kimoja, cha shahada, vidole vingine vikiwa vimeshika usukani. Kwa kidole hicho hupima nguvu inayofika kwenye gurudumu, akiongeza na kupunguza mara nyingi ndani ya mita chache. Klachi inayonata au inayoruka ghafla haifai kabisa. Kwa hiyo fundi huilaza pikipiki ubavu ili oili isimwagike, akafungua kifuniko na kuzitoa pleti moja baada ya nyingine, akizipanga mezani kwa mpangilio uleule. Pleti za msuguano huwa na gundi iliyofurika pembeni mwa vipande vyake kiwandani. Huikwangua taratibu kwa ncha ya kisu, pengo kwa pengo. Za chuma huzipitisha kwenye msasa mwembamba uliolazwa juu ya kioo, mpaka vinundu vya ukingoni viishe. Halafu huziloweka kwenye oili kabla ya kuzirudisha. Ni kazi ya jioni nzima, na asiyejua hataona kilichobadilika. Anayejua ataachia kidole unywele mmoja na kuhisi pikipiki ikisogea unywele mmoja.

Katika kubadilisha pikipiki za namna hii, jina ninalolitaja kwanza ni Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960 alipanda pikipiki ya Ariel ya sisi 500 yenye namba GOV 132. Ilitoka kiwandani ikiwa nzito. Miller aliipunguza mwaka hadi mwaka: fremu ya mabomba mepesi, alumini na faibaglasi mahali pa chuma, mpaka ikafika kilo 110 hivi. Mwaka 1964 akaenda Hispania kwa kampuni ya Bultaco, akaisaidia kuunda pikipiki ya Sherpa T, nyepesi zaidi na yenye injini ya mipigo miwili. Mwaka 1965 alishinda nayo mashindano ya siku sita ya Uskoti.

Mafundi wa leo wanaendelea na kazi ileile. Wengine huongeza uzito kwenye flaiwili, lile gurudumu zito lililo ubavuni mwa injini, ili nguvu zitoke kwa upole na injini isizimike kwenye mwendo mdogo. Wengine hubadilisha mkono wa resi ufunguke polepole, wapate utulivu kwenye utelezi. Jambo dogo ninalolipenda kuliko yote ni hili: chini ya kibano cha mkono wa breki na wa klachi huzungushwa utepe laini wa mabomba, kisha skrubu hukazwa kwa kiasi tu. Pikipiki ikianguka, mkono huzunguka badala ya kuvunjika.

Maji nayo yana deni lake. Beringi zinazobeba shokapu ya nyuma huzama mtoni kila safari, na zikikosa grisi hushika kutu kimyakimya. Wanaojali huzifungua mapema, huzipangusa na kuzipaka upya. Filta ya hewa husafishwa, hukaushwa, kisha hupakwa oili yake na kukandwa kwa mkono kama unga wa chapati mpaka rangi yake ilingane kote.

Yote hayo hufanyiwa mtihani kila Mei mjini Fort William, chini ya mlima Ben Nevis, katika mashindano hayo ya siku sita ya Uskoti, yaliyoanza 1909. Kuna mahali paitwapo Pipeline, mteremko mkali wa mawe kando ya mabomba makubwa ya maji huko Kinlochleven. Usiku pikipiki zote hufungiwa na hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. Asubuhi mpandaji huichukua yake kama alivyoiacha, na cheni iliyolegea au breki inayovuja ataitengeneza mwenyewe, ndani ya muda wake wa njiani, kwa spana alizobeba.